Nyuki Waliosahau Kurudi

3 Novemba, Jumapili

Daftari la kazini lina namba tu: nyuki wangapi, saa ngapi, ametoa ulimi au hakutoa. Hili nimelinunua dukani leo baada ya misa, ili niandike yale yasiyoingia kule.

Naitwa Kabula Anselm. Ni fundi maabara wa kituo kidogo cha nyuki hapa Kigwa. Kituo chenyewe ni chumba kimoja chenye jokofu, meza mbili na dirisha la wavu. Naishi na Baba, mzee Anselm, tangu mama afariki. Kaka yangu Revocatus ana nyumba yake na mkewe uwanja huohuo, hatua thelathini kutoka mlango wetu. Baba ana mizinga arobaini na mmoja. Kaka ana tumbaku.

Mvua ya kwanza imenyesha jana. Kaka ameamka mapema kwenda kuhamishia miche shambani.

7 Novemba

Mgeni wetu alifika juzi. Ni mtafiti kutoka chuo kikuu, Dakta Octavian, mwembamba, mwenye miwani. Nimemzidi miaka mitatu. Namwita Dakta, naye ananiita Dada Kabula. Atakaa msimu mmoja.

Kazi yake ni kufundisha nyuki. Nilidhani ni utani. Tunawakamata mlangoni mwa mzinga, tunawaweka kwenye barafu mpaka walegee, kisha kila mmoja tunamwingiza kwenye kipande cha mrija wa soda, kichwa kikiwa nje. Akichangamka, unampulizia harufu ya mafuta ya karafuu kwa bomba la sindano, halafu unamgusa kipapasio kwa maji ya sukari. Anatoa ulimi, anaramba. Unangoja dakika kumi. Unarudia. Mara ya tatu au ya nne, unapuliza harufu peke yake, sukari hujaigusa bado, naye anautoa ulimi.

"Amejifunza," Dakta alisema. "Kesho asubuhi tutamuuliza tena."

Na kesho yake anakumbuka. Mdudu mwenye kichwa kidogo kuliko punje ya mtama.

9 Novemba

Mvua kutwa. Nyuki hawakutoka, nasi hatukuwa na kazi.

10 Novemba, Jumapili

Baba na Baba Ummy wamekwenda msituni kutazama mizinga, kama kila Jumapili. Baba Ummy ndiye mzee Mussa, jirani yetu, mwenye mizinga yake ng'ambo ya kijito. Yeye husali msikitini Ijumaa, Baba kanisani Jumapili, na baada ya misa wanakutana kwenye njia ya wapagazi, kila mtu na kamba yake begani. Wameenda hivyo tangu sijazaliwa. Babu wa babu yake Mussa alikuja na msafara kutoka upande wa Ujiji, akaugua hapa Kigwa, wenzake wakamwacha na kuendelea pwani na pembe zao. Akapona, akaoa hapa. Mussa huisimulia hadithi hiyo kwa kucheka: "Sisi ni mzigo uliosahauliwa njiani."

14 Novemba

Leo tumeanza dawa. Chupa tatu, zina herufi tu: A, B, C. Moja ni maji ya sukari tupu, nyingine mbili zina dawa mbili tofauti za wadudu zinazouzwa kwa wakulima. Ipi ni ipi anajua Dakta peke yake, ameandika kwenye karatasi na kuifungia kwenye bahasha, ili mimi ninayehesabu nisiegemee upande wowote.

Nilimuuliza dawa inafanya nini. Akachora. Alisema kwenye utando wa kila seli ya neva kuna vilango vidogo, na chembechembe za chumvi hupita humo, kuingia na kutoka. Ndivyo nyuki anavyohisi, ndivyo anavyotulia, ndivyo anavyoweka kitu kichwani. Dawa moja kati ya hizi inaziba kilango cha aina moja. Ikiwa nyingi, nyuki anatetemeka na kufa. "Mimi nataka kujua ikiwa kidogo," alisema. "Kidogo kiasi kwamba hafi."

22 Novemba

A: wanakumbuka. B: wanakumbuka, pungufu kidogo. C: baada ya saa moja wanakumbuka kama kawaida. Asubuhi yake, kati ya nyuki thelathini, sita tu walitoa ulimi.

Wale ishirini na wanne hawakuwa wagonjwa. Nikiwagusa kwa sukari wanaramba vizuri. Vipapasio vinacheza. Ni cha jana tu ambacho hakipo.

Tukimaliza tunawaweka kwenye jokofu wafe kwa baridi. Hawawezi kurudishwa mzingani.

30 Novemba

Tumbaku ya kaka imeshika vizuri. Mwaka jana mchwa walimlia nusu ya miche. Mwaka huu amepata dawa ya mchwa mjini Nzega, anaisifu kwa kila mtu. Pembeni mwa shamba atapanda alizeti, na mbegu zake atazichovya kwenye dawa hiyohiyo.

8 Desemba, Jumapili

Baba amerudi msituni mapema, kimya. Mizinga minne ina nyuki wachache. Hakuna waliokufa chini. Asali ipo, malkia yupo, majana, yaani watoto wa nyuki, yapo kwenye masega, ila nyuki walezi hawatoshi kuyafunika. Nyuki wakihama huondoka na malkia wao, na asali wanaimaliza kwanza. Baba ana miaka sitini na tisa na hajawahi kuona hali hii.

11 Desemba

Tumewapaka nyuki sitini nukta za rangi ya kucha mgongoni, rangi niliyopaka kwenye harusi ya binamu. Nusu, wenye nukta moja, wamepewa A; nusu, wenye mbili, C. Tumewaachia kwenye reli, karibu kilomita moja kutoka mzingani. Wa A wamerudi ishirini na sita. Wa C, wanane.

Nilikaa mlangoni mwa mzinga mpaka jua likawa kali, nikingoja nukta nyekundu. Dakta alisema, "Dada, twende. Hawaji." Nikamuuliza wako wapi. Alisema wanaruka tu. Wanaruka mpaka nguvu zinawaishia.

25 Desemba

Krismasi. Baba Ummy alituletea kuku, kama kila mwaka. Baba alimpokea kuku, lakini hakumwambia mwenzake aketi.

29 Desemba, Jumapili

Mizinga iliyopungukiwa sasa ni kumi na moja.

"Ya Mussa imejaa," Baba alisema wakati wa chakula. "Nimeitazama yote. Imejaa mpaka inanguruma."

Nikasema, "Baba, mizinga yake iko ng'ambo, labda huko malisho ni mengine."

"Nyuki wangu wanakwenda, hawarudi. Wanakwenda wapi? Kuna mtu anawaita."

Kaka alikuwa anakula nasi. Alitazama sahani yake.

6 Januari

Mvua. Tumefundisha hamsini, tumepima hamsini.

17 Januari

Leo Dakta amefungua bahasha.

Alisoma taratibu, akaandika jina la kila dawa ubaoni. Jina la C nilikuwa nimeliona. Nilikuwa nimelishika kwa mkono. Ni kopo jeupe lenye mfuniko mwekundu lililo kwenye stoo ya kaka, juu ya magunia. Mwezi wa kumi na moja nililisogeza mwenyewe nikitafuta jembe.

Dakta aliniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia kichwa kinauma, nikaomba ruhusa. Sikuenda nyumbani. Nilikwenda shambani kwa kaka. Maji ya mvua yalikuwa yamesimama kati ya matuta, na nyuki walikuwa wametua kwenye kingo za tope, wanakunywa. Wengi. Nyuki wa Baba, maana msitu wake unaanzia pale pale mwisho wa matuta.

Kaka alikuwa anapunguza majani. Nikamweleza yote, na nyuki sitini wa reli, na wale ishirini na wanne. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kaka yangu si mtu mbaya, naandika hivyo ili nikisoma tena nikumbuke.

"Mimi sikuwawekea nyuki, Kabula. Niliwawekea mchwa."

"Najua, Kaka."

"Nimeshaiweka. Iko ardhini. Unataka niitoe vipi?"

Nikasema, basi tumwambie Baba ajue, ahamishe mizinga.

"Ukimwambia Baba, huyu mzee hatanisemesha mpaka afe. Unamjua. Ngoja nivune. Ngoja niuze, niwe na kitu mkononi, nitamnunulia mizinga mipya, nitakaa chini mbele yake nimwambie mwenyewe. Niahidi, dada yangu."

Nikamwahidi. Nilifikiri ni miezi miwili tu.

18 Januari

Mizinga kumi na saba. Nimeandika namba hii kwa sababu Baba aliniambia niiandike. Hajui naiandika wapi.

27 Januari

Nimemuuliza Dakta, bila kutaja mtu, kama dawa ikishaingia ardhini inakaa muda gani. Amesema muda mrefu. Nikamuuliza kama nyuki akishaisahau njia anaweza kujifunza upya. Amesema hatuna jaribio la hilo.

2 Februari, Jumapili

Baba hakwenda kanisani. Amekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kumshtaki mzee Mussa.

3 Februari

Nimemfuata kaka. "Sasa ni lazima tuseme." Akasema mashtaka kama hayo hayana mwisho wowote, mwenyekiti atawapatanisha, watu wazima hawa. Mkewe anakaribia kujifungua. Aliniambia, "Uliniahidi."

8 Februari

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Kikao kilikuwa chini ya paa la bati la ofisi ya kijiji, saa nne asubuhi. Watu walijaa mpaka nje, wengine walikuja tu kujikinga na mvua. Mwenyekiti alimpa Baba nafasi ya kwanza. Baba alisimama na kofia mkononi. Alisema mizinga yake ishirini imebaki makasha, malkia na asali tu. Alisema hakuna nyuki mfu hata mmoja, kwa hiyo si ugonjwa, na malkia hawakuondoka, kwa hiyo si kuhama. Alisema mtu anayeijua mizinga yake mmoja mmoja ni mmoja tu hapa Kigwa.

Mwenyekiti akamuuliza mzee Mussa kama ana la kusema.

"Baba Revo," Mussa alisema, hakumtazama mwenyekiti, alimtazama Baba. "Ni mimi niliyekushikia ngazi ulipovunjika mguu. Niwaite nyuki wako kwa lugha gani?"

Watu walicheka kidogo. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomharibu Baba. Alikuwa anataka kukaa, akasimama tena.

"Lugha ya kwenu," alisema. "Mlikuja na misafara, hatujui mlikuja na nini kwenye mizigo. Wewe ni mtu wa kuja, Mussa. Umekaa, tumekuvumilia, lakini ni mtu wa kuja."

Hakuna aliyecheka. Mvua ilisikika juu ya bati. Nilimtazama kaka aliyekuwa amesimama karibu na nguzo, naye akanitazama. Nilikuwa na jina la ile dawa mdomoni. Nilikuwa na daftari la kazini kwenye mkoba, na kurasa zake zote. Ningesimama tu. Nilijiambia mwenyekiti akiuliza kama kuna shahidi nitasimama. Akauliza. Sikusimama. Sijui kwa nini. Niliona kofia ya Baba imeanguka, naye haioni, nikafikiri nikisema sasa, mbele ya watu wote hawa, nitamuua.

Mussa alisema, "Sawa." Akaokota mwavuli wake, akamsaidia Baba kuiokota kofia iliyokuwa imeanguka, akatoka.

Mwenyekiti alisema shauri limeahirishwa.

9 Februari

Sikwenda kazini.

13 Februari

Alizeti za kaka zimechanua. Ukisimama njiani unaziona zote zimegeuka upande mmoja, manjano tupu, na sauti ya nyuki. Wanavuka kijito kuja. Hawa sasa ni wa Mussa.

19 Februari

Mzee Mussa amekwenda Lusu kwa binti yake, Ummy. Amefunga nyumba. Wanasema alitoka na begi moja. Mizinga yake ameiacha ikining'inia.

20 Februari

Nimekwenda ng'ambo ya kijito peke yangu. Nimepanda kwenye mizinga minne. Mitatu ina malkia na kiganja cha nyuki. Wa nne, malkia alikuwa anatembea juu ya masega huku na huku, na majana yamekauka ndani ya vyumba vyake.

28 Februari

Mke wa kaka amejifungua msichana. Wote wazima. Baba alimpakata muda mrefu.

5 Machi, Jumatano ya Majivu

Padri alinipaka majivu. Nilirudi nyumbani nayo usoni, nikamkuta Baba amekaa kwenye kibao, anasafisha bomba la moshi la kufukizia nyuki, ambalo sasa halina kazi. Nikaketi chini mbele yake, nikasema yote. Kopo. Matuta. Alizeti. Nyuki wa reli. Nilipofika kwenye tarehe niliyojua, aliniuliza:

"Tarehe ngapi?"

"Kumi na saba mwezi wa kwanza, Baba."

Alihesabu kwa vidole, polepole, mpaka tarehe ya kikao. Wiki tatu na siku moja.

Nilingoja anipige au anifukuze. Alisema tu, "Na Revo?"

"Anajua."

Akaendelea kusafisha bomba. Baadaye akachukua fimbo yake akaenda nyumbani kwa Mussa, akasimama mbele ya mlango wenye kufuli. Nilimwona kutoka njiani. Alibisha hodi, ingawa aliiona kufuli.

6 Machi

Kaka alikuja asubuhi kuamkia. "Shikamoo, Baba." Baba alijibu marahaba. Hajasema neno jingine kwake tangu hapo.

14 Machi

Tumekwenda Tabora mjini, Dakta na mimi, kuwasomea wataalamu na watu wa ununuzi wa tumbaku matokeo yetu. Nilivaa gauni langu zuri. Dakta aliongea vizuri, akaonyesha michoro. Bwana mmoja alisifu kazi yetu, akauliza kama mkulima huwa anawaingiza nyuki kwenye mirija ya soda. Wakacheka. Mwingine akasema ni vyema tukarudia misimu mitatu, kwenye wilaya mbili, ndipo wapate pa kuanzia. Dakta akawaeleza habari ya nyuki wa rangi ya kucha. Wakasema sitini ni wachache.

Nilinyoosha mkono. Nikasema naitwa Kabula, baba yangu alikuwa na mizinga arobaini na mmoja. Mwenye kikao aliniambia asante dada, maoni yako tumeyapokea, na chakula kipo tayari.

21 Machi

Dakta ameondoka. Mradi wake umekwisha na hakuna wa kuulipia mwingine. Aliniachia michoro na kopi ya ripoti. "Matokeo ni sahihi, Dada Kabula," alisema pale stesheni. "Hayo hakuna atakayeyabadilisha." Alitaka kunifariji. Nilimshukuru.

22 Machi

Mizinga ya Baba yenye nyuki: miwili.

30 Machi, Jumapili

Kaka ameuza tumbaku, imetoka daraja zuri. Alimletea Baba mizinga kumi ya mbao, mipya, inanukia maranda. Aliipanga ukutani, akaketi mbele ya Baba kama alivyoniahidi, akaanza kusema. Baba aliinuka, akaingia ndani.

Kaka alibaki pale. Nilimuuliza msimu ujao atafanyaje na mchwa.

"Niambie dawa nyingine, Kabula. Wewe ndiye unayejua dawa. Niambie nyingine."

Siijui. Ya chupa B nayo inawapunguzia kumbukumbu. Nilimwambia sijui.

"Basi," alisema.

6 Aprili

Miwili hiyo nayo mitupu.

Baba amesema tutakwenda Lusu kabla ya Pasaka.

15 Aprili

Tumekwenda. Tulipanda basi la Nzega alfajiri, kisha bodaboda mbili, Baba mbele na mimi nyuma, katikati ya mashamba ya pamba. Baba alivaa koti lake la kanisani. Alikuwa amebeba kuku mweupe kwenye kikapu, na njia nzima alimshikilia asijeruhiwe na kamba.

Ummy tulimkuta uani anapepeta. Tumecheza pamoja utotoni. Alinyanyuka, akamwamkia Baba kwa kupiga goti, akatukaribisha kwenye viti chini ya ukuta, akaleta maji, akauliza habari za Kigwa moja baada ya nyingine: mvua, mazao, mtoto wa Revo. Hakuacha hata moja.

Baba akasema, "Mwanangu, nimekuja kumwona mwenzangu."

Ummy aliingia ndani. Mlango ulikuwa pazia tu. Tulimsikia akinong'ona. Alikaa kidogo, akatoka, akasimama mbele yetu akitazama mikono yake.

"Baba amesema hayupo."

Hapo hapo mzee Mussa akakohoa ndani. Kikohozi chake tunakijua sote, kile cha moshi wa kurina asali. Ummy alifumba macho. Baba hakusogea. Pazia lilikuwa jepesi, la maua ya buluu, na chini yake nilikuwa naona ncha za miguu ya Mussa, miguu mitupu, imesimama umbali wa hatua mbili kutoka tulipokaa.

Baba alivua kofia. Akasema, si kwa Ummy, kwa sauti ya kawaida kama anavyozungumza msituni:

"Haikuwa wewe. Ilikuwa dawa ya shamba la mwanangu. Niliyosema, nilisema mimi, dawa haikuyasema."

Miguu ile haikwenda mbele, haikurudi nyuma. Tulingoja. Kuku alilia kwenye kikapu, Baba akamfunika kwa kiganja akatulia.

"Mwambie akirudi kwamba tulifika," Baba alimwambia Ummy.

"Nitamwambia, Baba."

Ummy alitaka kutusindikiza, Baba akamkataza kwa upole. Kuku tulimwacha. Tulitembea mpaka barabarani kwa sababu bodaboda zilikuwa zimeondoka, na Baba hakuomba kupumzika hata mara moja. Kule mbele aliniuliza basi la mwisho la Tabora linapita saa ngapi. Nikamwambia saa kumi.

"Basi tutalipata," alisema.